Kihisi Kimoja, Siku 14: Mwongozo wa Kupima Sukari Mfululizo kwa Mkazi wa Nairobi

Mtu mwenye kisukari anayejitoboa kidole mara nne kwa siku hupata namba nne, na kati ya namba moja na nyingine hupita saa nyingi ambazo hakuna ajuaye kilichotokea mwilini. Kihisi cha kupima sukari mfululizo hujaza mapengo hayo: huandika kipimo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, kisha vipimo hivyo huonekana kwenye simu kama mstari mmoja unaopanda na kushuka. Hata hivyo, kwa familia nyingi za Nairobi kihisi ni ghali, na mtu anayekibandika bila kujua anatafuta nini huifikia siku ya mwisho akiwa na maelfu ya namba na asiwe na uamuzi hata mmoja. Mwongozo huu unamlenga anayeweza kumudu kihisi kimoja kwa kipindi, labda mara mbili au tatu kwa mwaka, na anayetaka siku hizo chache zimfae hadi kliniki ijayo na baada yake. Anayevaa kihisi mwaka mzima atafaidika pia, ingawa yeye ana nafasi ya kurudia mambo ambayo wengine hawana.

Hatua ya 1: Fahamu kinachopimwa

Kihisi ni kidude cha ukubwa wa sarafu kinachogandishwa kwenye ngozi, mara nyingi nyuma ya mkono wa juu. Chini yake kuna uzi laini unaoingia milimita chache tu chini ya ngozi. Sindano hutumika kuuingiza uzi huo, kisha hutoka mara moja. Uzi umepakwa kimeng'enya kinachoungana na glukosi na kuzalisha mkondo mdogo sana wa umeme, na mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani ni kwamba uzi huo haugusi damu. Unapima glukosi iliyo katika majimaji yanayozunguka seli, na glukosi hufika huko ikiwa imechelewa kwa dakika 5 hadi 15 baada ya kubadilika katika damu. Majimaji huifuata damu kama tela linavyolifuata lori: kwenye barabara iliyonyooka huwezi kuona tofauti, lakini lori likikata kona ghafla, tela bado linaelekea kule lilikokuwa likielekea. Kwa hiyo sukari inapokuwa imetulia, kihisi na glukomita, yaani kipima sukari cha kutoboa kidole, hukaribiana, na inapopanda au kushuka kwa kasi hutofautiana bila kimoja kuwa kibovu. Ukilielewa hili tangu mwanzo, utajiepusha na nusu ya ugomvi ambao watu huwa nao na kifaa hiki.

Hatua ya 2: Andika swali kabla ya kununua

Kifaa cha kwanza cha aina hii kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1999, kilivaliwa kwa siku tatu, na mgonjwa mwenyewe hakuziona namba. Daktari ndiye aliyezisoma baadaye ili ajibu swali alilokuwa nalo. Vifaa vya leo vinakuonyesha kila kitu papo hapo, na kwa sababu hiyo imekuwa rahisi kusahau kuuliza.

Chukua daftari uandike swali moja au mawili, na ukiweza uyajadili na daktari au muuguzi wa kliniki yako ya sukari. Maswali mazuri ni ya namna hii: Je, sukari yangu ya asubuhi iko juu kwa sababu ya chakula cha usiku, au inaanza kupanda alfajiri nikiwa nimelala? Je, dozi ya jioni ya insulini ya mchanganyiko inanishusha usiku wa manane? Kwa nini HbA1c yangu, kipimo cha maabara cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, inasema asilimia 9 ilhali namba zangu za asubuhi ni nzuri? (Swali hili la mwisho ni la kawaida sana, na jibu lake mara nyingi limejificha katika saa mbili tatu zinazofuata chakula, wakati ambapo karibu hakuna anayejipima.)

Wanaofaidika zaidi ni wanaotumia insulini, wajawazito wenye kisukari, watoto, na wale ambao miili yao haiwaonyi tena sukari inaposhuka. Wanaomeza dawa kama glibenklamidi, ambazo zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, nao wana sababu nzuri. Kundi jingine ni la watu wenye selimundu (sickle cell) au upungufu wa damu, kwa kuwa kwao HbA1c inaweza kutoa picha isiyo ya kweli. Lakini ikiwa unameza metfomini peke yake, HbA1c yako imetulia na huna dalili za kushuka, kwa maoni yangu pesa hizo zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua stripu za glukomita, kipimo cha figo, na uchunguzi wa macho na miguu ambao wengi tumekuwa tukiuahirisha.

Hatua ya 3: Nunua kwa macho mawili

Majina utakayokutana nayo zaidi ni FreeStyle Libre ya kampuni ya Abbott na Dexcom. Libre na Libre 2 hukaa mwilini siku 14, na Dexcom G6 na G7 ya kawaida hukaa siku 10. Ukinunua cha siku 10, punguza idadi ya majaribio yaliyomo humu.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwanza kwamba simu yako inakubaliana na kihisi chenyewe. Orodha ya simu zinazokubalika hutolewa na mtengenezaji, na si kila simu ya Android inayouzwa Luthuli Avenue imo. Programu ya simu nayo hufungamana na nchi, na kihisi kilichonunuliwa na jamaa aliye ng'ambo kinaweza kukataa kuungana na programu au kisomaji (kifaa kidogo kinachofanya kazi ya simu) cha eneo jingine. Jamaa anapokuambia kwamba anakuletea zawadi kutoka Uingereza au Dubai, mwombe akutumie picha ya boksi kwanza, ili ulinganishe toleo na programu unayoweza kupakua. Usipofanya hivyo, unaweza kubaki na kidude kizuri kilichokaa kimya mkononi.

Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu kihisi kilichopitisha tarehe hakifai kutumika. Uliza kilihifadhiwa wapi, usome kiwango cha joto kilichochapishwa kwenye boksi, na usikubali kilichoachwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua au kwenye boksi la nyuma la bodaboda mchana kutwa. Vipimo viwe katika milimoli kwa lita, kama vilivyo kwenye glukomita nyingi za hapa na kwenye kadi yako ya kliniki. Ukipata kinachoonyesha miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18: 180 ni 10.0, na 70 ni 3.9. Dai risiti, kwa kuwa kihisi kinaweza kufa kabla ya siku zake, na bila risiti na namba iliyo kwenye boksi hutakuwa na pa kuanzia kulalamika.

Kuhusu bei, piga simu katika maduka kadhaa ya dawa, ya katikati ya jiji na yaliyo karibu na hospitali kubwa za Upper Hill na Parklands, kisha ugawanye kila bei kwa idadi ya siku ili ulinganishe kwa haki. Ikiwa una bima ya kazini, uliza kwa maandishi kama kihisi kinalipiwa na chini ya fungu gani. Vivyo hivyo kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: pata jibu kabla ya kununua, kwa maana kurudishiwa pesa baada ya kununua ni safari nyingine.

Mzazi wa mtoto aliye shule ya bweni ana jambo moja zaidi. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo chagua aina inayouzwa na kisomaji chake, kisha uzungumze na mwalimu mkuu na muuguzi wa shule kabla muhula haujaanza, ili mtoto asije akanyang'anywa kisomaji bwenini kwa kudhaniwa kuwa ni simu.

Hatua ya 4: Panga wiki mbili za kawaida

Usibandike kihisi siku moja kabla ya harusi, matanga au safari ya Krismasi, isipokuwa kama swali lako linahusu siku za namna hiyo. Unahitaji wiki zinazofanana na maisha yako: siku za kazi, Jumamosi ya shughuli nyingi, Jumapili ya kanisani au ya kupumzika. Weka tayari glukomita na stripu zisizopungua 15. Kihisi hakiondoi kabisa haja ya kutoboa kidole. Weka pia benki ya umeme kwa ajili ya simu, maana stima zikipotea usiku kucha na simu ikazima, kengele ya kukuonya sukari inaposhuka au kupanda nayo itanyamaza.

Hatua ya 5: Kubandika

Oga kwanza, na usipake mafuta mkononi. Chagua sehemu ya nyuma ya mkono wa juu yenye nyama laini, mbali na kovu, alama ya kuzaliwa au mahali unapodunga insulini, na upendelee mkono usioulalia. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti, kisha ungoje ngozi ikauke kabisa, kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu. Andaa kifaa cha kubandikia kulingana na karatasi iliyo ndani ya boksi, kiweke wima juu ya ngozi, sukuma kwa mkono usiotetemeka hadi usikie mlio, shikilia kidogo, kisha ukitoe taratibu. Wengi husema kwamba uchungu wake ni mdogo kuliko wa kutobolewa kidole. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa plasta ili ishike vizuri.

Tone la damu si la kukutia hofu, ila damu ikiendelea kutoka, au uchungu ukabaki, itakubidi ukitoe. Wenye ngozi inayowashwa na gundi waizungumzie kliniki mapema, kwa sababu wekundu unaoenea na malengelenge ni mzio, na mzio hauishi kwa kuvumilia. Anayesafiri kwa matatu iliyojaa ajihadhari na milango na mikanda ya mifuko, kwa sababu vihisi vingi huponyoka kwa kukwaruzwa kuliko kwa maji. Kuoga hakuna shida. Kabla ya kipimo cha MRI au CT, mwambie mhudumu kwamba una kihisi, kwani aina nyingine hutakiwa kutolewa.

Hatua ya 6: Saa 24 za kwanza

Kila aina ina muda wake wa kujiandaa kabla ya kutoa namba: Libre saa moja, Dexcom G6 saa mbili, Dexcom G7 takriban nusu saa. Hata baada ya hapo, siku ya kwanza ndiyo yenye namba za kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu ngozi bado inapona kutokana na jeraha dogo la sindano. Wengine hubandika jioni, ili muda huo wa kutulia uangukie usiku na mapema asubuhi, na hilo ni jambo la busara mradi glukomita iwe karibu.

Siku ya pili, linganisha. Ngoja wakati ambapo mshale ulio kando ya namba umelala sawa, yaani sukari haipandi wala haishuki, kabla ya kula, nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, kisha toboa kidole. Tofauti isiyozidi asilimia 20 inakubalika, na sukari ikiwa chini ya 4.4, tofauti isiyozidi 1.1 inakubalika. Usisahau kwamba glukomita nayo si mizani ya dhahabu: viwango vya kimataifa vinaikubali ikiwa ndani ya asilimia 15 kutoka kwenye kipimo halisi cha maabara, kwa hiyo 10.0 ya maabara inaweza kusomeka 8.5 au 11.5 kwenye glukomita. Kihisi kikisema 7.2 na glukomita ikasema 8.0, endelea na maisha yako. Kikisema 4.0 na kidole kikasema 8, rudia baada ya saa moja, na hali ikibaki hivyo, kihisi hicho si cha kutegemewa.

Hatua ya 7: Soma mshale pamoja na namba

Anayetazama namba peke yake anatumia nusu ya alichokilipia. Chukua 6.0. Ikiwa na mshale ulio sawa, ni namba nzuri. Ikiwa na mshale unaoelekea chini wima, hali ni tofauti kabisa: katika Libre mshale huo unamaanisha kwamba sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika, yaani 3 au zaidi katika nusu saa, na kasi hiyo ikiendelea utakuwa kwenye 3.0 kabla basi halijatoka kwenye msongamano wa Waiyaki Way. Mshale wa kimshazari huonyesha mabadiliko ya kati ya 0.06 na 0.1 kwa dakika, na ulio sawa ni chini ya hapo.

Hapa pana hatari inayostahili aya yake yenyewe. Mtu anayetumia insulini anakula, anatazama simu baada ya saa moja, anaona 14 na mshale wa juu, anaingiwa na hofu, anadunga dozi nyingine. Baada ya saa moja bado ni 13, anaongeza tena. Insulini ya kasi hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, na ile ya zamani ya kawaida, iliyomo pia katika mchanganyiko wa 70/30, hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo dozi ya kwanza haikuwa imemaliza kazi yake wakati ya pili na ya tatu zinaingia, na zote hukutana usiku mtu akiwa amelala. Kabla hujavaa kihisi, kubaliana na daktari wako ni baada ya muda gani unaruhusiwa kurekebisha na kwa kiasi gani, andika, na usiongeze zaidi ya hapo kwa sababu ya mshale. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayebaki juu ya 13.9 kwa saa kadhaa, hasa akiwa na kichefuchefu au maumivu ya tumbo, anatakiwa kupima ketoni (tindikali zinazojikusanya mwilini insulini inapopungua) na kutafuta huduma.

Kengele ziweke chache. Kengele ya chini iwe 3.9 au juu kidogo ya hapo, na ile ya juu iweke juu ya kutosha ili isilie baada ya kila mlo, maana inayolia kila saa huishia kuzimwa, na siku ya hatari kengele haitakuwepo. Libre ya kwanza kabisa haina kengele, na kihisi chake hutunza kumbukumbu ya saa nane tu, hivyo kisome kwa simu kabla ya kulala na mara tu unapoamka. Ukilala saa tisa mfululizo, saa moja ya usiku huo itapotea.

Hatua ya 8: Sukari inaposhuka

Chini ya 3.9 unatakiwa kutenda. Ukiwa unatetemeka, unatokwa jasho na moyo unadunda huku kihisi kikisema 5, amini mwili na utoboe kidole. Huna glukomita karibu? Kula sukari kwanza. Kipimo ni gramu 15 za sukari ya kuingia haraka: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari katika maji, au mililita 150 za soda ya kawaida yenye sukari, si ile ya “diet”. Mandazi, chokoleti na maziwa havifai hapa kwa sababu mafuta huchelewesha sukari. Ngoja dakika 15, kisha pima kwa kidole. Kihisi kitaendelea kuonyesha namba ya chini kwa muda ilhali damu imeshapanda, na anayekifuata atakunywa chupa nzima ya soda na kujikuta kwenye 16 baada ya saa moja.

Chupa ndogo ya soda au pakiti ya glukosi ikae kwenye mkoba kila siku. Abiria aliyekwama Thika Road saa kumi na mbili jioni hana kioski cha kukimbilia. Kwa wanaoendesha, Uingereza huwashauri madereva wanaotumia insulini kwamba wakiwa na 5 au chini yake wale kwanza, wakiwa chini ya 4 wasiendeshe kabisa, na baada ya kushuka wangoje dakika 45 tangu sukari irudi kawaida. Mwendesha bodaboda anaweza kuifuata kanuni hiyo bila kumsubiri mtu aitungie sheria.

Hatua ya 9: Jaribu vyakula vyako mwenyewe

Siku ya tatu hadi ya kumi ni za majaribio, na hapa ndipo kihisi hulipa gharama yake. Andika ulichokula, kiasi, na saa. Andika saa jinsi simu inavyoionyesha, kwa kuwa ukiandika saa mbili na grafu ikasema 20:00, daktari atapoteza dakika tano za kliniki akipatanisha. Jaribu chakula kimoja angalau mara mbili kabla ya kukihukumu, kwa sababu usingizi mbaya, homa au kutembea kunaweza kubadilisha matokeo ya sahani ile ile.

Tuchukue mfano. Asubuhi una 6.8, unakunywa chai ya maziwa yenye sukari na mandazi mawili, unaingia kwenye matatu na kukaa. Mstari unapanda hadi 13.5 na haurudi chini ya 10 hadi karibu saa tano. Siku inayofuata usibadilishe kila kitu kwa pamoja. Ondoa sukari kwenye chai, mandazi yabaki mawili. Siku nyingine kula andazi moja na yai la kuchemsha. Siku nyingine kunywa na kula vile vile kama siku ya kwanza, lakini shuka stendi moja mapema utembee dakika 15. Kwa majaribio manne utajua ni badiliko gani linalokusaidia zaidi na ambalo unaweza kuishi nalo, na jibu lako linaweza kutofautiana na la ndugu yako mwenye ugonjwa ule ule.

Mchana na jioni, mambo ya kujaribu ni kipimo cha ugali, chapati mbili kwa ndengu zikilinganishwa na chapati moja, githeri, na mukimo. Jaribu pia mpangilio: sukuma wiki na nyama au maharagwe kwanza, ugali mwishoni. Tafiti zimeonyesha kwamba kuanza na mboga na protini hupunguza kilele cha sukari, na ni badiliko lisilogharimu hata senti. Chakula chenye mafuta mengi, kama nyama choma na chipsi za Ijumaa, hukaa kimya saa mbili za kwanza kisha hupanda saa tatu hadi tano baadaye, na ndiyo sababu ya namba za kushangaza saa sita usiku. Juisi ya miwa ya kando ya barabara haihitaji jaribio la pili.

Usije ukaanza kula nyama na sukuma tupu ili mstari unyooke. Hata mtu asiye na kisukari hupanda baada ya kula. Lengo la wengi wenye kisukari ni kubaki chini ya 10 baada ya mlo, na mpango wa chakula unaoshindwa kuufuata baada ya kihisi kutolewa haukufundishi lolote.

Waislamu wanaopanga kufunga Ramadhani wanaweza kutumia kihisi wiki chache kabla, pamoja na siku za kufunga za majaribio, ili dawa zipangwe upya mapema. Miongozo ya kitabibu inataka mtu afungue ikiwa sukari iko chini ya 3.9 au imezidi 16.7, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Hatua ya 10: Usiku

Tazama usiku kadhaa kwa pamoja, kamwe si mmoja. Mstari ulio sawa hadi saa kumi alfajiri kisha ukapanda kabla hujala chochote ni kazi ya homoni zinazoutayarisha mwili kuamka. Mstari ulioanza juu tangu saa tatu usiku na kubaki huko unakurudisha kwenye chakula cha jioni. Mstari ulioporomoka hadi 3 saa nane usiku na ukarudi ghafla kuwa 6 bila wewe kula chochote mara nyingi husababishwa na kuulalia mkono wenye kihisi, kwa kuwa uzito wa mwili hufinya majimaji. Geuka, pima kwa kidole, na ukikuta 6, lala. Ukikuta 3 kwa kidole, hiyo ni kushuka kwa kweli, na ikijirudia usiku wa pili, mpigie daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.

Hatua ya 11: Vinavyokidanganya kihisi

Vitamini C ya zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba za Libre 2 isivyo kweli, na wengi wetu huinunua bila kufikiria mafua yanapoingia Julai. Hidroksiurea, dawa ya wagonjwa wa selimundu, hupandisha namba za uongo katika vihisi vya Dexcom, na kwa mgonjwa huyo kihisi cha aina hiyo hakifai kabisa. Upungufu mkubwa wa maji mwilini nao huharibu usahihi.

Hatua ya 12: Peleka ripoti kliniki

Programu hutoa ripoti ya muhtasari. Ichapishe kwenye saiba au uihifadhi kwenye simu kama faili, kwa kuwa foleni ya kliniki ya umma haina nafasi ya kutafuta nywila. Ili ripoti iaminike, kihisi kiwe kimefanya kazi angalau asilimia 70 ya siku 14. Malengo yaliyokubaliwa kimataifa mwaka 2019 kwa watu wazima wengi ni kukaa kati ya 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, yaani takriban saa 17 kwa siku. Chini ya 3.9 kusizidi asilimia 4, ambayo ni kama saa moja. Chini ya 3.0 kusizidi asilimia 1. Na juu ya 13.9 kusizidi asilimia 5. Kwa wazee na walio katika hatari ya kushuka, asilimia 50 inatosha, ila muda wa chini ya 3.9 usizidi asilimia 1. Mjamzito mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana mipaka yake: kati ya 3.5 na 7.8.

Soma ripoti kwa utaratibu huu: kwanza kushuka, kisha usiku, kisha saa za baada ya chakula, na wastani mwishoni. Mtu mwenye wastani mzuri unaotokana na 3 na 15 hana wastani mzuri. Mwonyeshe daktari swali lako la Hatua ya 2 na kurasa mbili tatu za daftari, uombe badiliko moja au mawili, si sita.

Hatua ya 13: Kutoa, na baada ya hapo

Siku ya mwisho, lainisha ukingo wa plasta kwa mafuta ya watoto au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha ubandue taratibu. Kifaa cha kubandikia kina sindano ndani: kiweke pamoja na sindano zako za insulini kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na uirudishe kliniki, kwa sababu mifuko yetu ya taka hupekuliwa kwa mikono mitupu Dandora. Kihisi kijacho kibandike mkono wa pili.

Katika miezi isiyo na kihisi, stripu zako chache zitumie katika saa zile ambazo grafu ilionyesha tatizo. Ikiwa tatizo lilikuwa saa mbili baada ya staftahi, pima hapo mara mbili kwa wiki na uache kujitoboa kila asubuhi kwa ajili ya namba unayoijua tayari. Daktari akibadilisha dawa, ipe wiki kadhaa ifanye kazi, kisha panga kihisi kinachofuata kuanzia wiki mbili kabla ya kliniki, ili ripoti imfikie ikiwa bado mpya.